Maniplanti na monstera zikigoma: soma dalili kabla hujashika dawa

Ukipeleka picha ya jani la njano kwenye kitalu cha maua kando ya barabara, kuna uwezekano mkubwa utarudi nyumbani na kifuko cha mbolea. Muuzaji hana kosa, anauza alicho nacho. Lakini mmea wa ndani ni nadra kufa kwa njaa. Hufa kwa mizizi kukosa hewa, kwa kuwekwa gizani, kwa chumvi, au kwa mdudu ambaye hakuna aliyeinua jani kumtafuta. Mbolea haitibu hata kimojawapo cha hivyo, na kwa mmea wenye mizizi iliyooza au udongo wenye chumvi, mbolea ni kuuongezea mzigo.

Hapa nazungumzia mimea inayoparamia: maniplanti, monstera, filodendroni yenye majani ya umbo la moyo, singoniamu na hoya. Minne ya kwanza ni ukoo mmoja na magimbi. Maniplanti, ambayo wataalamu huiita Epipremnum aureum, asili yake ni kisiwa cha Mo'orea huko Polinesia ya Ufaransa. Monstera ni ya misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama. Huko kwao huanza maisha chini kivulini, zikakutana na shina la mti, zikalishika kwa mizizi ya hewani na kupanda kuufuata mwanga. Mizizi yao haikuzoea udongo mzito. Imezoea majani yaliyooza, vipande vya magome, na maji yanayopita bila kutuama. Sehemu kubwa ya dalili zinazofuata ni mmea kulalamika kwamba umekosa kitu katika hivyo.

Kabla ya kufanya lolote, angalia ni jani lipi limeumia. Yakianza majani ya chini, ya zamani, shuku maji na mizizi. Yakiwa mapya ya juu ndiyo yaliyoharibika, shuku wadudu, mwanga au madini. Ncha na kingo zikikauka, shuku chumvi au ukame. Doa likiwa upande mmoja tu, ule unaotazama dirisha, ni jua. Kisha chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili na unyanyue chungu uone uzito wake. Usikubali ushauri wa mtu ambaye hajakuuliza hayo mawili.

Majani ya chini ni ya njano, mmea umelegea, na udongo umelowa

Hii ndiyo kesi ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu mmea unaozama hufanana na mmea wenye kiu. Mizizi iliyokosa hewa hushindwa kunyonya maji hata yakiwa yameijaa. Mmea hunyauka, mwenye mmea huona umenyauka, humwagilia tena, na kazi inaisha.

Chungu kisicho na tundu kitakoni ni chanzo cha kwanza. Vyungu vingi vizuri vya madukani havina, na wengine huweka chungu chenye tundu ndani ya kile cha urembo, maji yakakusanyika chini bila mtu kujua. Chanzo cha pili ni udongo wa mfinyanzi uliochotwa uani. Cha tatu ni ukubwa: mche mdogo ndani ya ndoo ya lita 20 umezungukwa na udongo mwingi ambao mizizi yake haiufikii, na udongo huo hukaa na maji kwa wiki nzima. Cha nne hakiandikwi vitabuni lakini kipo karibu kila nyumba: mama humwagilia asubuhi, dada wa kazi humwagilia akideki, na mtoto humwagilia kwa sababu ni raha. Teueni mtu mmoja.

Halafu kuna msimu. Anayekaa Tanga au Mombasa anaweza kumwagilia mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi na mmea ukafurahi. Ratiba hiyo ikihamia Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, au Mbeya, au Lushoto, mwezi wa Julai itaua. Kwenye baridi mmea husinzia, hunywa kidogo, na udongo haukauki. Usimwagilie kwa kalenda. Mwagilia pale sentimita tatu hadi tano za juu zinapokuwa kavu, mwaga hadi maji yatoke chini, kisha umwage yaliyobaki kwenye sahani.

Ukishashuku kuoza, usibahatishe. Utoe mmea chunguni. Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya krimu na ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, laini, na ukiivuta ganda lake linavuka na kuacha uzi mkononi. Mara nyingi inanuka. Kata yote iliyooza kwa kisu au mkasi uliofutwa kwa spiriti, tupa udongo wa zamani, na upande upya kwenye chungu kidogo ambacho hakizidi mizizi iliyobaki kwa zaidi ya vidole viwili kila upande. Kama umepoteza mizizi mingi, punguza na majani. Usiweke mbolea mpaka jani jipya lifunguke.

Mchanganyiko mzuri haununuliwi ghali. Mimi hupenda mboji iliyoiva sehemu mbili, vipande vya makumbi ya nazi sehemu mbili, na chenga za mkaa zilizochekechwa vumbi likatoka, sehemu moja. Mchanga ukitumika uwe wa mtoni, tena ule mkubwa mkubwa. Wa baharini una chumvi. Na hapa kuna mtego kwa watu wa pwani: makumbi ya kusukia kamba huzikwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi ili yalainike, kwa hiyo usumba, yaani nyuzi zake, unaouzwa baada ya hapo umelowana maji ya bahari. Uloweke kwenye maji baridi, umwage, uloweke tena, na urudie mpaka ukionja maji yake usisikie chumvi. Ukiyatumia makumbi ya nazi za nyumbani huna shida hiyo kubwa, lakini kuyaloweka hakudhuru.

Jani moja la chini kabisa likigeuka njano mara moja moja, huku juu mmea unachipua, huo ni uzee tu. Likate uendelee na shughuli zako.

Umelegea, na udongo ni mkavu kama unga

Hii ni rahisi. Ila ujue kwamba udongo wenye mboji na makumbi ukikauka kabisa hukataa maji: unamwaga juu, yanapita pembeni mwa chungu na kutoka chini, nawe unadhani umemwagilia. Weka chungu kizima kwenye beseni la maji kwa nusu saa hadi udongo wa juu uonekane umelowa, kisha kiache kichuruzike. Kufikia kesho yake utakuwa umesimama. Ukikuta mizizi inazunguka chungu chote na udongo umebaki haba, ndiyo sababu unakauka haraka hivyo. Hamishia kwenye chungu kikubwa kidogo.

Ncha na kingo zinakauka rangi ya kahawia

Watu wa Dar es Salaam wanaotumia maji ya kisima wataijua hii dalili vizuri. Visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari vina chumvi. Maji huvukizwa, chumvi hubaki, na baada ya muda utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kuta za chungu cha udongo. Chumvi huzuia mizizi isinywe, na sehemu ya kwanza kufa ni ile iliyo mbali zaidi na mzizi, yaani ncha.

Kuyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha husaidia klorini ya bomba kupotea, lakini hakuondoi chumvi hata chembe. Kinachoondoa ni kuosha udongo: peleka chungu bafuni au uani, umimine maji yasiyo na chumvi yanayofikia mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, polepole, yote yatoke chini. Masika hukufanyia kazi hiyo bure. Kinga maji ya paa kwenye pipa, au toa vyungu barazani mvua za Machi hadi Mei, mahali pasipo jua kali baadaye.

Mbolea za shambani kama UREA na DAP huleta dalili hii hii kwa haraka zaidi. Hazikutengenezwa kwa kikombe cha udongo. Kwa mimea hii, mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua, inatosha. Kipupwe acha kabisa.

Kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja kwenye jani nacho hukausha kingo. Usinunue kifaa cha kuongeza unyevu wakati unaweza kuhamisha chungu hatua mbili.

Pingili ndefu, majani madogo, mabaka yamepotea, monstera haitoboki

Naziweka pamoja kwa sababu majibu yake ni mawili tu, mwanga na kitu cha kupanda, na huku ndiko watu wengi hukata tamaa bure.

Mmea ulio gizani hurefusha pingili kati ya kifundo na kifundo ukitafuta mwanga. Majani yanakuwa madogo na ya mbalimbali. Maniplanti yenye mabaka ya dhahabu au meupe huanza kutoa majani ya kijani kitupu, maana sehemu nyeupe haitengenezi chakula na mmea hauwezi kumudu anasa hiyo gizani. "Mmea wa kivulini" si mmea wa kwenye korido. Kipimo changu ni mkono: saa sita mchana nyoosha mkono juu ya mmea, kama sentimita 30. Kivuli chenye kingo zinazoonekana kiasi, ukungu kidogo, ndicho unachotaka. Usipoona kivuli, ni giza. Ukiona kivuli cheusi chenye kingo kali, ni jua la moja kwa moja. Vioo vya rangi, wavu wa mbu na pazia zito, kila kimoja hukata mwanga, na nyumba nyingi zetu zina vyote vitatu kwenye dirisha moja.

Tawi likishageuka kijani kitupu, lirudishe nyuma kwa kulikata juu ya kifundo cha jani la mwisho lenye mabaka mazuri. Ukiliacha litakua haraka kuliko yenye mabaka na kuumeza mmea.

Sasa suala la kupanda. Mnamo 1975 watafiti Donald Strong na Thomas Ray walionyesha kwamba miche michanga ya aina moja ya monstera hutambaa kuelekea giza. Giza lenyewe ni kivuli cha shina la mti mkubwa. Ikishalishika shina ndipo hugeuka na kuufuata mwanga juu. Hiyo inaendana na tabia ya hii minne ya ukoo wa magimbi: tawi linaloning'inia hubaki na majani ya utoto, tawi linalopanda hukomaa. Ukitaka ushahidi, tazama maniplanti iliyowahi kutupwa chini ya mnazi au mwembe kwenye bustani ya zamani. Jani lake laweza kuzidi sinia la pilau, tena limechanika kama la monstera, wakati ndugu yake kwenye kikapu cha sebuleni ana majani ya kiganja.

Kwa hiyo, monstera isiyo na matundu kwanza ni changa. Majani yake ya mwanzo huwa mazima. Ipe mwanga na nguzo. Nguzo ya mrija wa plastiki uliovingirishwa usumba inafaa, na gogo lenye gome lenye mikwaruzo ni zuri zaidi. Geuza shina hivi kwamba upande wenye mizizi ya hewani utazame nguzo, na ufunge shina lenyewe, si kikonyo cha jani, kwa sababu kikonyo kinatakiwa kigeuke chenyewe. Nyunyizia nguzo maji. Nguzo kavu ni pambo tu, mizizi haiingii. Majani yaliyokwisha kutoka hayatatoboka baadaye, hivyo usiyakodolee macho. Subiri mapya.

Mabaka makavu meupe au ya kahawia, upande mmoja

Jua limeunguza, na jani halitapona. Kinachoshangaza watu ni kuungua kwa mmea ambao haujahamishwa tangu mwaka uanze. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini hadi Machi nyingine. Dirisha la kusini lililokuwa na kivuli Juni linapigwa jua Desemba. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, hugeuka katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Dirisha la magharibi ni hatari mwaka mzima kwa lile jua la saa tisa. Mmea uliotoka gizani nao uzoeshwe mwanga kwa wiki mbili hivi, hatua kwa hatua.

Kuna kitu kinatembea

Inua jani. Wadudu karibu wote hawa hukaa chini yake au kwenye makwapa ya majani.

Pamba nyeupe kwenye makwapa ni vidung'ata. Vinundu vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha ni wadudu gamba. Wote hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, ndiyo maana ukiona sisimizi wanapanda mmea kwa mstari, usihangaike na sisimizi, tafuta wanachokifuata. Ukiacha, juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Vidoa vidogo vya njano kama vumbi juu ya jani, na utando mwembamba chini, ni utitiri. Hupenda hewa kavu. Uoge mmea kwa bomba, chini ya majani hasa. Michirizi ya rangi ya fedha yenye vidoa vyeusi, na majani mapya yanayofunguka yamejikunja au kuchanika, ni vithiripi, na hao ndio wabishi kuliko wote. Kata majani yaliyoharibika sana, tenga mmea na wenzake, na ujiandae kwa kazi ya wiki kadhaa.

Dawa ya kuanzia ni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, ukiongeza mafuta ya mwarobaini kama unayo. Jaribu jani moja kwanza, subiri siku moja. Nyunyiza jioni, mmea usiwe juani. Rudia kila wiki angalau mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni, na aliyenyunyiza mara moja ndiye anayesema mwarobaini haufanyi kazi. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, inachoma majani.

Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinatangaza kwamba udongo haukauki. Acha sentimita tatu za juu zikauke kabisa kati ya kumwagilia na kumwagilia, navyo vitapungua vyenyewe.

Madoa yanayolowa na kunuka, na jani jipya lililopauka

Doa jeusi lenye majimaji, linalotanuka kwa siku chache na mara nyingi kuzungukwa na duara la njano, huwa ni bakteria. Hakuna dawa ya maana ya nyumbani. Kata jani pamoja na kikonyo, lichome au litupe mbali na mboji, safisha mkasi, na uache kunyunyizia majani maji jioni.

Jani jipya likiwa njano na mishipa yake ikabaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni ila kimefungwa na chokaa. Tazama chungu: kama ni cha saruji na ni kipya, chokaa inatoka humo. Vyungu vya saruji vilowekwe maji yanayobadilishwa kwa wiki kadhaa kabla ya kupandia.

Yanayotisha bure

Matone kwenye ncha za majani asubuhi ni maji yaliyozidi yakitoka usiku. Mizizi ya kahawia inayochomoza hewani si ugonjwa, usiikate. Maniplanti yako haitoi maua na haitatoa: utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba mmea huu una kasoro ya kijeni inayouzuia kutengeneza homoni ya jiberelini ya kutosha kuchanua. Hoya ndiyo ya maua, nayo huchanua tena kwenye vikonyo vile vile vya zamani, kwa hiyo anayevikata kwa usafi anakata maua ya mwakani.

Linalostahili kutisha ni mtoto au paka kutafuna jani. Maniplanti, monstera, filodendroni na singoniamu zina vifuwele vya kalsiamu oksaleti, vile vile vinavyowasha koo ukila gimbi lisiloiva. Suuza mdomo, mpe maji au maziwa ya baridi, na ukiona uvimbe kooni au shida ya kupumua nenda hospitali mara moja.

Mizizi yote imeoza

Usiutupe bado. Kata tawi lenye afya liwe na vifundo viwili au vitatu, maana chipukizi hutoka kwenye kifundo. Jani na kikonyo peke yake laweza kutoa mizizi na kukaa miezi bila kuchipua kamwe. Toa jani la chini, zamisha kifundo kwenye chupa ya maji, weka penye mwanga usio wa jua. Badilisha maji kila baada ya siku nne au tano. Yakikaa wiki na zaidi utafuga mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, na Dar es Salaam ilishapata mlipuko wake 2014 na 2019. Sahani za chini ya vyungu ni hivyo hivyo. Mizizi ikifika sentimita tano, hamishia kwenye udongo. Ukingoja irefuke zaidi itazoea maji, na ikifika udongoni itasuasua.